Do ya Kibao Cheusi

Tak. Tak-tak. Kisha kimya, kisha tak tena, kavu na ndogo, kama panya anayetafuna ganda la karanga.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, Nzuguni, pembeni mwa Dodoma, bado iko gizani, na mlio huo ulitoka kwenye kona ya chumba ambako Emiliana alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti yamebanana chini ya kinanda kilichozimwa. Kinanda kisicho na umeme hakiimbi, kinagonga tu plastiki kwa plastiki. Hivyo ndivyo alivyozoea kufanya mazoezi tangu Cecilia azaliwe, miaka minne sasa, maana mtoto alilala hatua mbili kutoka hapo, na nyuma ya ukuta alilala mama mwenye nyumba, ambaye hata paka akipiga chafya huamka na kuuliza nani huyo. Wimbo Emiliana aliusikia kichwani. Vidole vilitembea, kichwa kiliimba, na nyumba nzima ikaendelea na usingizi wake.

Lakini Alhamisi hii kichwa kiligoma. Vidole vilikwenda hatua nne, vikajikwaa, vikarudi, vikajikwaa palepale.

"Leo unakosea," Stanley alisema kutoka kitandani.

"Umejuaje? Kimezimwa."

"Ukipatia unagonga kama mvua. Leo unagonga kama mtu anayetafuta funguo mfukoni."

Stanley alikuwa fundi wa vigae. Kazi yake ilikuwa kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kusema hapa pana hewa, bandua. Mume wa namna hiyo humfichi kitu, hata gizani.

"Lala, baba Ceci," Emiliana alimwambia, na akakaa pale kwenye ndoo, mikono mapajani, akitazama vile vibao ambavyo hata kuviona hakuviona. Keshokutwa ilikuwa Jumamosi.

*

Ili mtu aelewe Jumamosi hiyo ilikuwa na nini, inabidi kwanza alijue kundi.

Liliitwa Vidole Kumi, na lilikuwa kwenye simu tu, halina ofisi wala mhuri. Watu thelathini na kitu, wa Dodoma mjini, wa Kongwa, wa Mvumi, wachache wa mbali zaidi. Hakuna hata mmoja aliyesomea muziki chuoni. Kulikuwa na muuza nafaka, na wapiga kinanda wa makanisa ya vijijini, na Khamisi wa duka la spea ambaye hakuwa na kanisa lolote, yeye alipenda tu. Kila Jumapili jioni mwenye nafasi alirekodi wimbo mmoja akautuma, usizidi dakika mbili. Sauti tu. Video zinamaliza bando.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna kurudia: ukishaanza kurekodi, kilichotoka ndicho kilichotoka, tuma. Ya pili, hakuna kuandika "safi sana" ukaondoka. Sema safi wapi. Aliyeweka sheria hizo ni mwanzilishi wa kundi, Mwalimu Optatus, mstaafu, aliyefundisha hesabu huko Kongwa miaka zaidi ya thelathini, na ambaye mpaka leo hawezi kukubali jibu lisiloonyesha njia.

Emiliana aliingia kundini Cecilia akiwa na miezi saba. Wakati huo alikuwa anasoma masomo ya jioni ili apate cheti cha kidato cha nne alichokikosa mara ya kwanza, na mwanafunzi mwenzake, aliyemsikia akipiga kinanda cha kwaya, ndiye aliyemwingiza. Wiki tatu alikaa kimya akisikiliza wenzake. Wiki ya nne alijipa moyo, akabonyeza kurekodi, na katikati ya wimbo Cecilia akaamka na kulia kilio kile cha kudai haki. Sheria ni sheria. Akatuma hivyohivyo, kilio ndani, akaiweka simu kifudifudi chini ya mto kama mtu aliyeiba.

Alipoigeuza, alikuta ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuzungumza naye.

"Binti Emiliana, mimi ni Mwalimu Optatus. Nimekusikiliza mara tatu. Pale mtoto alipolia, mkono wako wa kulia ulishtuka, lakini wa kushoto haukuacha kutembea. Sikiliza mwenyewe utausikia. Huo mkono wa kushoto ni mkono wa kutumainiwa. Sasa mbembeleze mtoto, Jumapili tukutane."

Aliusikiliza ujumbe ule akinyonyesha, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Si kwamba hajawahi kusifiwa. Ni kwamba tangu aache shule hakuna mtu aliyekaa chini, akatazama kitu alichokifanya, akamwonyesha kwa kidole: hapa. Hapa ulifanya vema. Siku alizochoka kutoka darasani saa mbili usiku, mtoto mgongoni, madaftari kwapani, ni mkono wa kushoto ule aliokuwa akiukumbuka. Cheti alikipata. Sasa alikuwa anachapa barua na kutoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya ofisi, na kila alipomshukuru Mungu kwa kazi hiyo, alilitaja na kundi humohumo ndani ya sala, kama mtu anavyowataja ndugu.

*

Sasa, kosa.

Emiliana alijifunza kinanda kama wanakwaya wengi wanavyojifunza, kwa do, re, mi. Do yake ilikaa mahali pamoja, kwenye kibao cheupe ambacho ukianzia hapo unapanda ngazi yote bila kugusa cheusi hata kimoja. Wimbo ukihitaji sauti ya juu zaidi au ya chini zaidi, hakuhama yeye. Alibonyeza kitufe, kinanda chenyewe kikapandisha au kikashusha, vidole vikabaki kwenye njia ileile nyeupe viliyoizoea. Wapiga vinanda wengi hufanya hivyo, na si dhambi.

Dhambi ilikuwa kicheko.

Mwaka jana Mwalimu Optatus alituma picha ya wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mkewe, enzi za uhai wake, mwandiko wa kalamu kwenye karatasi ya mraba. Uliitwa "Jioni Hii Tunashukuru". Do yake ilikuwa nyeusi: kile kibao cha pili kati ya vile vyeusi viwili vilivyojitenga. Ukianzia hapo, do yenyewe, fa na so zote zinaangukia kwenye vyeusi, na mtu aliyezoea weupe anajiona kama anatembea kwenye majaruba gizani. Emiliana alibonyeza kitufe mara tatu, akapiga kwa weupe, akatuma. Ulitoka vizuri kweli, kama maji.

Anyitike, kijana wa Tukuyu anayechapa taarifa za vikao bungeni, na ambaye utani wake kundini ulikuwa hauna siku ya mapumziko, akaandika: "Dada Emi, hivyo vyeusi umevivukaje bila kuvunja kidole?"

Alitaka kujibu, kitufe, kaka. Haki ya Mungu alitaka. Lakini dakika hiyo Cecilia alimwaga uji, na kwa mkono mmoja unaofuta na mwingine ulioshika simu, alituma vikatuni vitatu vya kucheka na maneno mawili: "Mungu tu."

Aliporudi kwenye simu, Mwalimu alikuwa ameshasema. "Wote msikilizeni Emiliana anavyotembea kwenye vyeusi, mstari wa pili, bila kusita. Anayeviogopa na amwige huyu."

Sasa unaanzia wapi kukanusha? Akasema, nitamweleza kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na zote zikawa wajukuu, na mwaka ukapita, na yeye akawa anaitwa "Emi wa vyeusi".

Mwezi huu Mwalimu alipelekwa Mvumi kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mungu si Athumani, ulikwenda vizuri, na alipotoka wodini alifikia kwa Yasinta, mkunga, ambaye naye alikuwa mwana-kundi wa siku nyingi na alikuwa na chumba cha wageni. Ndipo Yasinta alipotoa wazo. "Ametusikiliza miaka mitano kwenye simu ile yenye kioo kilichopasuka. Wengi wetu hajawahi kutuona. Jumamosi njooni, tumpigie ana kwa ana. Karibu na kwangu kuna ukumbi wa zamani, una piano. Emiliana atupigie 'Jioni Hii Tunashukuru', sisi tuimbe." Kundi zima likaitika amina.

Emiliana naye aliitika. Piano alizoziona yeye makanisani mjini zilikuwa za umeme, na vitufe vyake kama dashibodi ya basi. Mpaka Jumatano jioni Yasinta alipotuma picha: mbao nyeusi za kale, vikanyagio viwili vya shaba, hakuna waya, hakuna plagi. "Fundi ameshainyoosha sauti," aliandika kwa furaha. "Inasubiri vidole tu!"

Emiliana aliikuza ile picha, akaitafuta kushoto, akaitafuta kulia.

"Haina kitufe," alimwambia Stanley asubuhi hiyo ya Alhamisi, wakati chai inachemka na hakuna tena sababu ya kuficha. Akamweleza yote.

Stanley alisikiliza, akapuliza kikombe. "Na ilimba ya babu yako ilikuwa na kitufe?"

"Stanley!"

"Nauliza tu. Mzee alipiga vile vijiti vya chuma kwa vidole gumba viwili, mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe."

"Babu hakumdanganya mtu."

Hilo Stanley hakulijibu kwa utani. "Si upige kwa hiyo do yako nyeupe?"

"Itakuwa chini mno. Akina besi wataimba wakiwa kisimani. Na Mwalimu atajua kwa noti ya kwanza tu, ni wimbo wake." Akakaa. "Nitamtazamaje yule mzee? Katika watu wote duniani."

*

Ijumaa mchana, kati ya fotokopi na fotokopi, aliandika ujumbe. "Wapendwa poleni, kesho sitaweza kufika, Cecilia ana homa." Hakuutuma. Aliuacha pale ukisubiri kidole.

Alipofika nyumbani, Cecilia alikuwa kwa mama mwenye nyumba, ameketi mlangoni na bakuli la zabibu, anakula na kutema maganda mbali kadiri anavyoweza, na kila ganda likienda mbali anajipigia makofi. Alikuwa mzima kama ngoma mpya. Emiliana alichuchumaa akaweka kiganja kwenye paji lile la uso, bila sababu. La baridi.

Kinywa huumba. Mama yake asingemwacha hata atamke jina la ugonjwa juu ya mtoto aliyelala salama, angempiga kofi la mdomo. Na yeye alikuwa ameshauandika, homa, kwa herufi, karibu na jina la mwanawe. Akaitoa simu akaufuta, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka likabaki "Wapendwa".

Kisha akaingia ndani, akawasha kinanda, akahakikisha kitufe kiko kwenye sifuri, akaongeza sauti. Mama mwenye nyumba leo atanisamehe, alisema moyoni. Akabonyeza kurekodi, akaweka kidole kwenye do nyeusi.

Ilikuwa dakika moja na sekunde hamsini za aibu. Mkono wa kulia ulipapasa. Ule wa kushoto, mkono wa kutumainiwa, ulilenga so ukaangukia jirani, na sauti iliyotoka ilikuwa kama sufuria zimeporomoka. Mara mbili alisimama kabisa. Alipomaliza hakuzima. Alisogeza simu mdomoni.

"Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za jioni. Huu ndio wimbo wa Mwalimu, nimeupiga kwenye vyeusi kwa vidole vyangu. Hivi ndivyo ninavyouweza. Ule wa mwaka jana nilibonyeza kitufe, nikapiga weupe. Mliponisifu nilinyamaza. Nimeona haya mwaka mzima. Naombeni mnisamehe. Emiliana."

Akatuma, na safari hii simu hakuificha. Aliishika mkononi akaona alama za waliosikiliza zikiongezeka, tatu, saba, kumi na mbili, na hakuna aliyeandika.

Wa kwanza alikuwa Anyitike. "Dada Emi. Mstari wa kwanza, noti ya tano, ulipotea, ukarudi njiani bila kugombana na mtu. Hapo ni safi." Halafu, baada ya dakika: "Ila nanyi Wagogo, mlivyoshiba mlenda, mnadhani mtaacha lini kuteleza?"

"Nyamaza, mla ndizi," Emiliana aliandika.

Wengine wakafuata, polepole. Mtu mmoja wa Kongwa alikiri kwamba naye kitufe ni ndugu yake. Mwingine aliandika tu "Asante kwa kusema." Mwalimu hakuonekana. Jicho lake lilikuwa limefungwa bandeji na aliyemfungulia simu yake ni Yasinta. Na Yasinta hakuandika kitu. Alipiga.

"Emiliana." Siku zote alimwita mama Ceci.

"Abee, dada. Shikamoo."

Shikamoo ile haikuitikiwa. "Mwaka mzima."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja kwanza. Unajua mimi nilifanya nini na ule wimbo wako? Nilikuwa natoka zamu, miguu imevimba, nakaa kwenye kinanda nasema: Emiliana ana mtoto mdogo, ana kazi, ana shule ya jioni, na ameviweza vyeusi. Mimi mtu mzima nishindwe nini? Kila siku, Emiliana. Nimelia juu ya kile kinanda. Na kila nikimaliza nafungua wako nasikiliza, nauona wangu si kitu. Mimi nakwama kwama, wewe unateleza. Sijautuma hata siku moja. Hata siku moja! Kumbe nashindana na mashine."

Emiliana alikuwa amejiandaa kwa aibu yake mwenyewe. Hii hakuijua. Hakujua kwamba uongo wake mdogo wa uji na vikatuni vitatu ulisafiri mpaka Mvumi, ukaketi kwenye kiti cha mtu, ukamnyamazisha mwaka mzima.

"Dada Yasinta," alisema. "Nilikuibia."

"Umeniibia, ndiyo."

Nyuma ya Yasinta redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Kwa hiyo," Emiliana aliuliza kwa sauti ya kunyata, "vyeusi unaviweza?"

"Naviweza! Si nilikuwa nakuiga wewe, mwongo mkubwa!" Na hapo kitu kikamtoka Yasinta puani, nusu mkoromo nusu kicheko, akakikata upesi. "Sicheki. Nina hasira bado. Usidhani nacheka."

"Sidhani, dada."

"Sikia. Mimi ni mkunga, na wakunga tunajua: mficha uchi hazai. Umeshafunua, sasa zaa. Kesho utakuja, na Mwalimu utamwambia wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mimi simfungulii ujumbe huo. Mkono wa kulia peke yake, unaweza kuujua kufikia kesho?"

Emiliana alivitazama vile vibao. Mkono mmoja. Noti moja baada ya nyingine, kama kuvuka mto kwa mawe. "Naweza."

"Basi jifunze huo. Kushoto niachie mimi." Kisha, kana kwamba anamrushia kitu dirishani: "Marahaba."

*

Anyitike aliwapitia asubuhi na gari aliloazima kwa mjomba wake, akamfungulia Cecilia mlango kama waziri.

"Karibu mheshimiwa. Mama yako amelala?"

"Hakulala," Cecilia alisema. "Alikuwa anaimba na kidole."

Walifika Mvumi saa nne. Ukumbi ulikuwa mrefu, madirisha yake juu, harufu ya nta na popo. Walikuja kumi na mmoja, na lilikuwa jambo la ajabu kuwaona, maana walijuana kwa sauti tu. Mtu alikohoa, mwingine akageuka: "Haa! Wewe ndiye Octavian! Kikohozi chako kipo kwenye kila wimbo." Khamisi wa spea alikuwa mfupi kuliko nyimbo zake. Walicheka, walikumbatiana, walitazamana mikono.

Mwalimu Optatus aliketi mbele kwenye kiti cha mbao, mzee mdogo mwenye koti lililopigwa pasi, jicho moja chini ya bandeji nyeupe. Emiliana alikwenda akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akainamisha sikio. "Ngoja. Hii ni... Emi wa vyeusi!"

Na akatabasamu kwa uso wake wote, hata upande ulioumia. Lilikuwa tabasamu zito kulibeba. Emiliana alimshika mkono akamwambia, palepale, wote wakisikia: kitufe, kicheko, kesho zile zote, na rekodi ya jana. Hakuongeza sababu. Hata uji hakuutaja.

Tabasamu la Mwalimu liliondoka taratibu. Alijipangusa goti kwa kiganja, mara mbili, kama mwenye chaki. "Basi niliwapa watu mfano usio na njia," alisema. "Mimi, mwalimu wa hesabu." Ilionekana imemuuma, na hakuificha. "Nilisifu mguu sijauona ukitembea." Akafikiri. "Umeniambia kabla ya kupiga, au baada?"

"Kabla, Mwalimu."

"Jana ulipiga kwa vyeusi?"

"Nilipiga. Vibaya."

"Vibaya wapi?"

"So ya mkono wa kushoto. Kila mara."

"Ee." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa daftari mkononi. "Na leo nani ana kushoto?"

"Mimi, Mwalimu," Yasinta alisema kutoka nyuma.

Mzee aligeuka kumtafuta kwa lile jicho moja. "Yasinta? Wewe una vyeusi na hujawahi kuniletea?"

"Nilikuwa nasubiri viive, Mwalimu."

"Haya. Nileteeni."

Benchi lilikuwa fupi. Walikaa nusu nusu, nyonga kwa nyonga, na Yasinta akamsukuma kidogo kwa kiwiko, si kwa upole sana. "Sogea, mama Ceci. Umejaza." Emiliana aliposikia jina hilo alilazimika kutazama juu madirishani mpaka macho yakauke.

Vibao vya piano ile vilikuwa vizito. Havikugonga plastiki, vilisukuma kitu ndani, mbali, na sauti ikatoka kwenye mbao na kumpanda magotini. Yasinta alianza. Mkono wake wa kushoto uliingia kwenye vyeusi bila haraka, ukasita kidogo kwenye zamu ya pili, ukaenda. Emiliana alisikiliza hatua nne, akaingia na mkono wake wa kulia: do. Kisha re. Noti moja, na nyingine, na kila moja ilipokubali alishukuru. Alimshukuru na mwanafunzi mwenzake wa jioni aliyemwingiza kundini. Anyitike, kwa noti ya tano. Stanley, aliyelala jana na mto juu ya kichwa bila kusema neno. Mkono huu ulio pembeni yake, wenye sugu ambazo yeye ndiye aliyezisababisha. Kwenye fa alikosea, akateleza mpaka kwa jirani. Kushoto kwa Yasinta hakukuacha kutembea. Akakuta kunamsubiri, akaingia tena.

Wenzao waliimba, soprano nne, besi tatu, waliobaki popote walipopata nafasi. Katika ubeti wa pili Emiliana alisikia kiti kikikwaruza sakafu. Mwalimu Optatus alikuwa amesimama. Miaka mitano walikuwa wamemsikia akisema, akisahihisha, akihesabu mapigo kwa ulimi. Kuimba hawakumsikia hata mara moja. Sasa alishika sauti ya tenor, nyembamba, ya kizee, na mmoja mmoja wengine wakashusha sauti zao ili ipite. Haikuwa ya kuwaimbia wao. Alikuwa ameinamisha uso kidogo kushoto, kama vile mtu mfupi kuliko yeye amesimama hapo begani, na maneno aliyoyaandika kwa kalamu zamani yakamtoka moja moja, yote, bila karatasi. Kwenye noti ya juu sauti ilikatika. Akaiokota, akaendelea. Emiliana na Yasinta walipunguza mwendo pamoja, bila kuambizana, wakamngoja mpaka akafika mwisho naye.

Do ya mwisho ilikaa ndani ya mbao muda mrefu. Mzee alibaki amesimama, kitambaa mkononi, hajui akae au afanye nini. Yasinta alikuwa amekamata mkono wa Emiliana juu ya vibao na hakuuachia.

Cecilia aliteremka kutoka kwenye paja la Anyitike, akatembea katikati ya ukumbi, viatu vyake vikilia, mpaka mbele ya Mwalimu, akamtazama juu.

"Babu, umeimba vizuri."